Wigi langu linanuka na kichwa kinawasha: nilioshe vipi bila kuliharibu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza, nina mke na watoto wawili. Riziki yangu naipata kwa kusherehesha sendofu na harusi, nyingi zikiwa hapa hapa mjini na nyingine Sengerema, Geita na Ukerewe. Nywele za utosini zilianza kunipungua tangu nikiwa chuoni, jambo ambalo halikunishangaza kwa kuwa baba yangu na ndugu zake wote wana vipara, lakini kazi yangu ni ya kusimama mbele ya kamera, na kila nilipoitazama video ya sherehe niliona taa za ukumbi zikinimulika utosini hadi nang'aa kumshinda bwana harusi.

Mapema mwaka huu nilipokuwa Dar es Salaam niliingia saluni moja ambako walininyoa utosi wote wakanibandikia wigi la kiume, lenye nywele fupi za kipilipili, ambazo waliniambia ni nywele halisi za binadamu. Lilinikaa vizuri kiasi kwamba kaka yangu aliyenipokea stendi ya Nyegezi hakugundua kitu. Niliambiwa kwamba gundi ile hukaa wiki 4, kisha nirudi libanduliwe, lisafishwe na kubandikwa upya. Shangazi, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na mfuko wangu hauruhusu safari hiyo kila mwezi, kwa hiyo wiki hizo zilipita nami nikaendelea kulivaa.

Sasa hali imekuwa mbaya. Kichwa kinaniwasha usiku kucha, na wigi limeanza kutoa harufu ambayo mke wangu, kwa upole wake, anaiita harufu ya nguo mbichi. Nililiosha likiwa kichwani kwa maji ya moto na sabuni ya unga kidogo, nywele zikawa ngumu na kushikamana upande wa kisogoni, na rangi yake imeanza kuwa nyekundunyekundu. Nilipopaka mafuta ya nazi ili zilainike, ukingo wa mbele ukaanza kufunguka, na harusi iliyofuata niliimaliza mkono mmoja ukiwa na kipaza sauti na mwingine ukiwa kwenye paji la uso. Pembezoni mwa wigi nina vipele, na nyuma ya sikio la kulia kuna kidonda kinachotoa majimaji. Rafiki yangu amenishauri nilibandue kwa petroli na kulirudishia kwa supagluu, na ndipo nikaona heri nikuandikie kwanza.

Naomba unieleze namna ya kulibandua mwenyewe, namna ya kuliosha, linapaswa kuoshwa kila baada ya muda gani, kama naweza kuingia nalo ziwani ninapowapeleka watoto kuogelea, na kama ni kweli kwamba wigi huziua nywele chache zilizobaki. Tafadhali usiniambie niache kulivaa, kwani hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

Mshereheshaji, Nyakato, Mwanza

Marahaba, mwanangu.

Sitakuambia uache kulivaa, kwa sababu kichwa ni chako na kazi ni yako. Nitakuambia tu kwamba liondoke kichwani leo au kesho na lisirudi mpaka ngozi ipone kabisa, hata kama ratiba yako ina harusi Jumamosi hii. Vaa kofia inayoendana na suti, wala hutakuwa mshereheshaji wa kwanza kufanya hivyo. Kidonda kinachotoa majimaji kikifunikwa kwa gundi na wigi, uchafu wake hujikusanya mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kupaona, na kinachoanza kuwa cha kupakwa dawa kinaweza kuishia kuwa jipu.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, nitausema kwa ufupi kwa kuwa hauhitaji mjadala. Petroli huunguza na kukausha ngozi, mvuke wake ni sumu kuuvuta, na huwaka kwa cheche ndogo iliyo mbali na mkono wako. Supagluu hutoa joto inapokauka, hugeuka kitu kigumu kisichonyumbulika na ngozi, na kiyeyushi chake ni asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo ni kali mno kwa kichwa chenye vidonda na inaweza kuuharibu pia msingi wa wigi. Vitu hivyo viwili waachie mafundi wanaovihitaji.

Ni vema uelewe kilichotokea kabla hujashika beseni, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukariri masharti. Wigi lililobandikwa ni vitu viwili vyenye mahitaji yanayopingana, vilivyounganishwa kwa gundi. Nywele za wigi zimekatwa kwenye chanzo chake, hazipati tena yale mafuta ambayo ngozi ya kichwa huzipa nywele zilizoota, na kwa hiyo zinakauka siku hadi siku na zinahitaji kulainishwa na mkono wa mtu. Ngozi yako iliyo chini, kinyume chake, inaendelea kutoa mafuta, jasho na magamba yake yaliyokufa kama ilivyokuwa ikifanya siku zote, ila sasa hayana pa kutokea, kwa hiyo hitaji lake ni kusafishwa, kukaushwa na kupata hewa. Wewe ulizipa nywele sabuni kali na maji ya moto, ambavyo pengine hata ngozi isingevipenda, halafu mafuta ya nazi yaliyokusudiwa nywele yakateremka hadi kwenye gundi, yakailegeza, na kuzidisha unyevu na mafuta ambayo fangasi wanaosababisha mba huyafurahia sana. Harufu anayoisema mke wako ndiyo hiyo: jasho, mafuta na bakteria waliofungiwa pamoja.

Wekundu na ugumu wa nywele navyo vina maelezo yake. Mawigi mengi ya aina hii hutengenezwa China, hasa katika mji wa Qingdao, na nywele zake kwa kawaida hutoka India au China, maana yake ni kwamba zilikuwa nywele za kunyooka zilizotiwa rangi nyeusi na kukunjwa kwa kemikali hadi zikafanana na kipilipili chetu. Nywele ya namna hiyo imeshachoka kabla hujailipia. Sabuni ya unga, ambayo imetengenezwa kupambana na matope ya nguo, huyainua yale magamba madogo yanayofunika kila unywele, yakakwaruzana na kushikana, na ndiyo sababu sehemu ya kisogoni, inayosuguana na mto na kola ya shati, imesokotana kuliko nyingine. Jua nalo huila rangi, na chini ya rangi nyeusi ndipo wekundu ulipojificha.

Sasa tuje kwenye kulibandua. Kwa kawaida gundi ya wigi hulegezwa kwa spiriti, yaani alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi inayouzwa maduka ya dawa, lakini safari hii usiitumie kwa sababu itakuchoma vibaya kwenye kidonda na vipele. Tumia mafuta mepesi ya watoto. Keti mahali penye mwanga wa kutosha, mwombe mke wako asimame nyuma yako, naye apitishe pamba iliyoloweshwa mafuta hayo kwenye ukingo wote wa wigi, akiruka kidonda chenyewe, kisha msubiri dakika 10 hadi 15 bila kugusa chochote. Anzeni kuinua pale ambapo pameshalegea, kidogo kidogo, na kila mtakapokutana na mahali panapogoma, jibu ni kuongeza mafuta na kusubiri, kamwe si kuongeza nguvu, kwani kinachong'oka kwa nguvu ni ngozi ya juu pamoja na vinyweleo vyako vya pembeni. Mabaki ya gundi yatakayobaki kichwani myasugue taratibu kwa kitambaa laini chenye mafuta, na wembe au kucha zisihusike hata kidogo. Baada ya hapo osha kichwa kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, kifute kwa kukigandamiza taulo safi, halafu kiachwe wazi.

Kisha nenda hospitali, na usiende kimyakimya. Mweleze mtabibu kwamba ulivaa wigi la gundi, ulilivaa kwa muda gani na uliliosha kwa kutumia kitu gani, kwa sababu wekundu unaofuata mstari wa gundi mara nyingi ni mzio wa gundi yenyewe, ilhali vipele vyenye usaha vilivyotawanyika huelekea zaidi kuwa maambukizi ya vinyweleo, na mabaka yenye magamba yanaweza kuwa fangasi. Matibabu ya haya matatu hayafanani. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinatosha kuanzia, na wakiona haja watakupeleka Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, inayohudumia Kanda ya Ziwa nzima. Nakusihi usipite kwanza duka la dawa kununua tyubu ya krimu ya mchanganyiko ambayo kila mtu huisifia, kwani nyingi zina steroidi, na steroidi huufuta wekundu na muwasho kwa siku chache huku fangasi wakiendelea kutambaa chini yake, hata daktari atakapokuja kuwatafuta wawe wamebadilika sura. Ukipata homa, uvimbe wa tezi za shingoni au maumivu yanayosambaa, nenda siku hiyo hiyo.

Kichwa kikiwa mikononi mwa tabibu, wigi liwe mikononi mwako. Jambo la kwanza ni kuhakikisha uliuziwa ulichoambiwa. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uushike kwa kibano mbali na vitu vinavyoshika moto, uuchome: wa binadamu utanuka harufu ile inayojulikana ya nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole, na wa plastiki utayeyuka na kujikunja kuwa kipunje kigumu. Kama ni plastiki, sehemu kubwa ya nitakayoyasema kuhusu kondishena haitakusaidia, na maji ya moto uliyotumia yatakuwa yameharibu mikunjo yake moja kwa moja. Jambo la pili, liinue kwenye mwanga uutazame msingi wake. Ukiona matundu madogo, hiyo ni leisi, wavu ambao kila unywele umefungwa juu yake kwa kifundo. Hupitisha hewa vizuri lakini huchanika upesi. Ukiona kitu kama ngozi nyembamba ya plastiki inayopitisha mwanga bila matundu, hiyo ni poliyurethani, rahisi kusafisha gundi lakini haipitishi hewa, na kwa mtu anayetoka jasho jukwaani ni adhabu. Yapo pia yenye leisi katikati na ukanda wa poliyurethani pembeni, na kwa kazi yako ningependelea hayo.

Anza kwa kuondoa gundi kwenye msingi. Kwenye poliyurethani pitisha kitambaa chenye spiriti, gundi itaviringika na kutoka. Kwenye leisi usisugue. Laza wigi nywele zikiwa chini na msingi ukiwa juu, lowesha gundi kwa spiriti, subiri, kisha igandamize na kuinua kwa kitambaa mara nyingi kadiri inavyohitajika. Kazi hii ifanyike mbali na jiko na mshumaa, dirisha likiwa wazi. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi, wakapaka gundi mpya juu ya gundi kuukuu iliyojaa mba, halafu wakalaumu gundi.

Kabla ya maji, fungua mafundo. Nywele za kipilipili zisichanwe zikiwa kavu. Zipulizie maji yenye kondishena kidogo, kisha tumia vidole, na baadaye kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda polepole kuelekea kwenye msingi, huku mkono mwingine ukiwa umeushika msingi ili mvuto usiishie kwenye vifundo. Pale kisogoni utatumia muda mrefu, na huenda ukalazimika kukata fundo moja au mawili yaliyoshindikana. Kukata fundo ni hasara ndogo kuliko kulivuta na kubaki na tundu kwenye leisi.

Andaa maji vuguvugu kwenye beseni, utie kijiko kimoja cha chakula cha shampuu isiyo na salfeti, na uikoroge humo humo, kwani shampuu ikimiminwa moja kwa moja juu ya nywele hubaki mahali pamoja na kuhitaji kusuguliwa. Zamisha wigi, liache dakika 5, kisha ulipapase kwa kiganja kuelekea upande mmoja tu, wa kutoka kwenye msingi hadi kwenye ncha. Mvuvi akisuuza wavu wa dagaa huutikisa majini bila kuusokota, na wavu huu nao, mdogo kama ulivyo, una mafundo yale yale ya kulindwa. Suuza kwa maji yanayotiririka, yakishuka kutoka upande wa msingi, mpaka yatoke bila povu. Kwa kuwa limelowa mafuta ya nazi na sasa mafuta ya watoto, safari hii rudia shampuu mara ya pili. Mara nyingine moja itatosha.

Kondishena ndiyo mlo wa nywele hizi, na hapa usiwe bahili, ila ipake kuanzia katikati ya urefu wa nywele hadi kwenye ncha, isifike kwenye msingi. Kondishena huvilainisha vifundo, na kifundo kilicholainika hufunguka, na ndipo utakapoanza kuziona nywele kwenye mto bila kujua zimetoka wapi. Nywele zako zikiwa fupi utahitaji uvumilivu, uipake kwa ncha za vidole. Iache dakika 5 na uisuuze kwa maji ya baridi.

Maji ya bomba la jiji, ambayo husukumwa kutoka ziwani na kutibiwa, si magumu na hutoa povu bila shida, kwa hiyo hayana tatizo kwa nywele. Ukiwa safarini mahali ambapo maji ni ya kisima chenye chumvichumvi, utaona nywele zikikakamaa hata baada ya kondishena, na hapo kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, kikamiminwa mwishoni na kusuuzwa, huondoa ukakasi huo.

Likishaoshwa, ligandamize kati ya taulo mbili bila kulikamua, lipe umbo lake kwa vidole, na uliweke juu ya kichwa bandia cha kuwekea wigi au bakuli lililopinduliwa, kivulini, mahali penye upepo. Mwanza haina joto la pwani, na upepo wa ziwani mchana unatosha kulikausha bila msaada wa mashine, ila katika miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, funika kwa kitambaa chepesi kwa sababu ya vumbi. Usilitundike likiwa limelowa wala kuliweka juani, na mashine ya kukaushia nywele, kama ni lazima, iwe kwenye moto mdogo kabisa. Likikauka, pulizia kilainishi chepesi cha maji kwenye nywele tu. Mafuta mazito na mgando viache kabisa, kwa kuwa umeshaona vinakopeleka.

Umeuliza lioshwe kila baada ya muda gani. Kwa wigi linalokaa kichwani mfululizo kwa gundi, kwa mtu anayesimama chini ya taa akicheza na kutoka jasho kama wewe, wiki 4 ni nyingi mno, hata kama gundi yenyewe inaweza kuzifikisha; gundi kushika hakumaanishi ngozi inapumua. Kila wiki lioshwe likiwa kichwani kwa shampuu iliyochanganywa na maji, kwa kugandamiza bila kusugua, na lisizidi wiki 2 bila kubanduliwa, kichwa kikaoshwa, kikaachwa wazi walau usiku mzima.

Lakini mimi nina shaka na mpango wenyewe wa kulibandika mfululizo. Sherehe zako, kama za washereheshaji wengine, bila shaka ziko Ijumaa hadi Jumapili. Kuna utepe maalumu wa nywele wenye gundi pande mbili, unaobandikwa vipande vipande kwenye ukingo wa msingi, ambao hushika kwa saa nyingi na kubanduliwa usiku huo huo kwa spiriti kidogo. Ukiutumia, wigi lako litakuwa vazi la kazi kama suti yako, litavaliwa jioni na kuvuliwa ukirudi nyumbani, ngozi itapata hewa siku 4 au 5 kwa wiki, na wigi lenyewe litaishi muda mrefu zaidi, kwa kuwa hakuna kulala nalo wala kuoga nalo. Katika mpango huu, kuliosha kila baada ya kulivaa mara 6 hadi 8 kunatosha, ila msingi ufutwe spiriti kila unapolivua. Najua unachokihofia: majirani wa Nyakato watakuona una upara Jumanne na nywele Jumamosi. Wamekuona na upara miaka yote hiyo kabla ya safari ya Dar es Salaam, mwanangu, na sidhani kama kuna aliyesahau. Wageni waalikwa wa Sengerema na Nansio ndio wasiokujua, na hao hukutana nawe ukiwa umevaa.

Iwe utepe au gundi, ukishapona usibandike kitu kipya kichwani kabla ya kukijaribu. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, ukiache saa 48, na kama patakuwa pekundu au patawasha, gundi hiyo si yako hata iwe imewafaa watu wangapi. Gundi nyingi za wigi ni za akriliki, na ngozi iliyokwisha kukataa moja inaweza kuzikataa na ndugu zake. Ukilazimika kutumia gundi, paka tabaka jembamba, ngoja likauke, ongeza jingine, na baada ya kubandika usiloweshe kichwa kwa siku nzima. Wamisri wa kale walishikiza nywele za mawigi yao kwa nta ya nyuki na utomvu, kwa hiyo shida ya kushikiza nywele za bandia si ya leo.

Ziwani usiingie nalo. Maji ya ziwa si ya chumvi, kwa hiyo hayataiunguza nywele, lakini yana mwani na tope laini ambavyo hujipenyeza kwenye leisi na kuvundia humo. La uzito zaidi halihusu wigi: kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na vijidudu wake hupenya kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote, na kwa ngozi yenye kidonda kama chako kuna pia bakteria wa kila aina. Kichocho bado ni tatizo kubwa katika wilaya za pembezoni mwa ziwa hili, kwa hiyo watoto nao wapelekwe kupimwa, na mtu asikushawishi kwenda kusafishia wigi kwenye mawe ya ufukweni eti kwa sababu maji ni mengi. Maji yaliyotekwa ziwani yakatulia kwenye chombo siku 2 hayana tena hatari hiyo ya kichocho, na kwa kuoshea wigi yanafaa.

Kuhusu nywele zilizobaki, upara wako wa utosini ni wa urithi na wa homoni, nao ungeendelea hivyo hivyo hata kama usingevaa kitu. Wigi halikuusababisha na halitauzidisha. Kinachoweza kukuongezea hasara ni mvuto: gundi inayopita juu ya nywele zako za pembeni na kubanduliwa kwa nguvu kila mara huviumiza vinyweleo, na vikiumizwa kwa muda mrefu kovu huziba, nywele zisiote tena. Kwa hiyo mstari wa gundi au utepe ubaki ndani ya eneo lililonyolewa, na kinyozi wako ajue mpaka huo.

Mwisho, huna sababu ya kwenda Dar es Salaam. Wasusi wa hapa Mwanza wanaowabandikia maharusi mawigi ya leisi ya mbele wanafanya kazi ile ile unayoihitaji, kwa kuwa leisi ya mwanamke na ya mwanamume ni kitu kimoja, na tofauti ya kukata kwa mbele anaweza kuimalizia kinyozi. Omba kuhudumiwa saa ambayo saluni haina watu, kama hilo litakupa amani. Kabla hujaketi kwenye kiti, mwombe akuonyeshe chupa ya gundi na ya kiyeyushi anachotumia, usome lebo, na kama vimehamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na jina, mshukuru na uende saluni nyingine.